Mtani Wangu Kafilisika na Mguu Wangu

Mama Mauwa, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani wa Kurasini, Mzaramo, na mwaka jana basi nililopanda kwenda harusini Morogoro lilipinduka nikavunjika mguu wa kulia, hadi leo siwezi kukanyaga cherehani, na mwenye basi ni Adelard, jirani yetu Mnyamwezi, kwa hiyo ni mtani wangu, alikuja wodini akachukua mkongojo wangu akacheza nao ngoma, wodi nzima ikacheka na mimi nikacheka, maana mtani hanuniwi, na kila nikimwendea kudai fidia ananiambia, "Nyie Wazaramo kwa ngoma! Mguu si umeuvunja kwa kucheza?" basi watu hoi kwa kicheko, mie narudi nyumbani mikono mitupu, sasa kampuni yake imefilisika, mabasi yamekamatwa na benki, naye anasema, "Njoo uchukue kiti kimoja cha basi, mtani, ukakalie," na mume wangu Twalib anasema nimwache, aliyefilisika hadaiwi na kumshitaki mtani ni aibu, lakini daktari anasema nisipopasuliwa tena mguu utabaki hivi hivi. Mama, nimwache kweli?

Hamisa, Kurasini

Marahaba, Hamisa. Pole sana, mwanangu, nimeumia kusoma barua yako. Lakini na wewe! Unadai fidia huku unacheka, mtu atajuaje kama unadai? Utani una mambo yake. Adelard anaruhusiwa kukukamatia kuku msibani, si kukuachia kilema. Tena basini hukupanda kama mtani, ulilipa nauli kama abiria wengine.

Sasa sikiliza. Siku hizi kila mwenye vijisenti ananunua basi, lakini sheria haimruhusu kuliingiza barabarani bila bima ya watu watakaoumia. Kampuni ndiyo iliyofilisika, shirika la bima lipo. Nenda kwa trafiki waliopima ajali, wakupe taarifa yao, uliza basi lilikatiwa bima wapi. Chukua na vyeti vya hospitali, utafute wakili. Wapo wanaosaidia wanawake bila malipo. Wakili aliandikie shirika la bima, na amwandikie pia mfilisi, yule anayegawa mali ya kampuni iliyofilisika, ili nawe uhesabiwe kati ya wanaodai. Usilaze damu, madai yana muda wake.

Twalib mwambie aibu hailishi watoto. Yeye ndiye akushike mkono mpande ngazi za ofisi hizo.

Na mkifikishana mahakamani, Adelard ataanza mzaha wake, watu watacheka, pengine hata karani. Wewe usicheke.