Jiko la Keji, Mtu Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Chai bila maziwa. Nimelipangusa daftari la wilaya kama kila Jumatatu. Mende wa hapa Kansanga hawana adabu. Redio inasema serikali zote mbili zinazoigombania wilaya yetu zimekubali: wenyeji warudi, wapige kura iwe ya nani. Watakaoruhusiwa ni waliomo kwenye daftari la zamani. Daftari lenyewe ninalo mimi, karani wake, chini ya kitanda, tangu tulipokimbilia Kampala.

Nimelia. Mzee mzima.

Jumanne, 4 Machi

Nimelisoma kutwa. Raha tupu. Wakuu wa wilaya wawili, bendera mbili, pampu ya maji moja. Asubuhi wakigombania mpaka, mchana wote wananiuliza mimi wana watu wangapi. Watu wetu walikataa kuhesabiwa vichwa. Vichwa, walisema, huhesabiwa vya ng'ombe wanaouzwa. Basi nilihesabu majiko. Mwanamke mwenye mafiga yake ndiye nyumba, nami naandika wanaokula chungu chake. Na mwenye kuhesabu hajihesabu. Ndivyo ilivyokuwa, sikuwahi kuuliza kwa nini.

Ukurasa wa arobaini. Jiko la Keji. Anakula: mmoja.

Keji alikuwa mke wangu.

Jumatano, 5 Machi

Mimi simo. Daftari zima kwa mwandiko wangu, na mimi simo. Keji amezikwa kule, hatua chache kutoka kwenye pampu. Nataka kuzikwa kando yake. Sina haja nyingine.

Nimeshika kalamu. Wino wa bluu ule ule. Kuongeza mtu ni kazi ya dakika moja. Lakini pande zote mbili zinaliamini daftari hili kwa sababu halijachezewa. Wakigundua, watalitupa, na watu wote pamoja nalo. Nimeirudisha kalamu mfukoni. Nimejichukia kwa kuitoa.

Ijumaa, 7 Machi

Nakawa, kwenye chumba cha kuandikisha wanaorudi. Nimelikabidhi daftari. Binti wa mezani amepekua taratibu, ukurasa kwa ukurasa. “Mzee, jina yako hakuna.” Nikamweleza desturi yetu. Anasema lazima shahidi, na shahidi awe ameandikwa humo.

Foleni nyuma yangu, wote niliwaandika mimi. Wamepita. Nimewaonea wivu, sifichi.

Jumatatu, 10 Machi

Soko la Owino asubuhi, kwa Mama Roza. Kule alikuwa jirani yetu. Hapa anauza mashuka ya mitumba. Amenicheka mpaka akashika mbavu. Karani gani anajisahau! Kisha akafunika mashuka yake kwa turubai, tukaenda Nakawa.

Ameegemea meza ya yule binti kama ya kwake. “Kila asubuhi mimi naenda kwa Keji kuomba moto. Huyu iko hapo, anakula muhogo. Sasa karani hana tumbo?”

Binti akalifuata jina la Mama Roza kwa kidole. Ukurasa wa arobaini na moja. Akaita maofisa wa pande zote mbili. Wakanong'ona. Nikaikalia mikono yangu.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Chai bila maziwa. Chini ya kitanda pamebaki alama ya daftari kwenye vumbi, sijaifagia.

Keji alipenda muhogo wa kuchoma, ulioungua kidogo pembeni. Alikuwa akinimegea kipande kikubwa, akijifanya ameshiba. Nilikaa pale kila siku nikila, na bado nikaandika kwamba anakula peke yake.

Jana maofisa waliandika pembeni mwa ukurasa, wakapiga mihuri miwili. Nikamwomba binti anisomee kwa sauti.

Jiko la Keji. Wanakula: wawili.