Mtoto Wako Anakaa Mpaka Kumi na Mbili

Juru, Nakivale
Jumanne

Yaya Gervais, kaka yangu mpenzi,

Salamu mingi kutoka kwa mdogo wako Cassien, ambaye sasa ni daktari, nimebakiza koti jeupe tu. Usicheke. Huko Kampala u mzima? Kazi na mgongo vinaelewana? Sisi hatujambo, na binti yako Adélaïde anakusalimu kwa mate.

Unajua ametimiza miezi kumi na minne bila kukaa, shingo inamwangukia. Shemeji Viviane alichoka kuambiwa angoje. Tukapanda pikipiki mpaka Rwekubo, kisha gari la Mbarara, tukauliza fasi kwa fasi. Mlango wa kwanza walimpima uzito, wakatusifu. Wa pili walitaka karatasi. Wa tatu tukamkuta Mama Madeleine, anayefundisha viungo vya watoto wachanga. Alimlaza mkekani, akamgeuza taratibu, akasema mwili huu unahitaji kufundishwa tu, kila siku. Akaniuliza mimi nani. Nikasema baba mdogo, kichwa cha darasa. Akasema basi kichwa cha darasa apige magoti ajifunze.

Sasa kila asubuhi nakunja kitenge cha Viviane, namlaza mtoto kifudifudi juu yake, namwimbia mpaka ainue kichwa. Nimemtengenezea na kiti cha mbao chenye kona ya kumshika. Anakaa humo mpaka nihesabu kumi na mbili. Viviane anasema ni nane, mimi nahesabu kama mtu anayekimbizwa. Wivu huo.

Lakini Mama Madeleine alisema pia kwamba mtoto angeanza na miezi sita, leo pengine angekuwa anakaa mwenyewe. Njiani Viviane alilia, akamlaumu yule mama aliyepita Juru mwaka jana kuandika watoto wenye shida, eti aliruka nyumba yetu. Nawe kwenye simu ulimtukana mama huyo hivyohivyo.

Yaya, hakuturuka. Viviane alikuwa kwenye maharage, mtoto wa miezi sita nimembeba mimi. Aliuliza kama anashika shingo, nikasema anashika. Kama anajigeuza, nikasema kwetu watoto hutembea na miezi tisa. Majirani walikuwa wanasikiliza, nikaona haya. Akafunga daftari, akaenda. Miezi minane ya mwanao niliipoteza mimi, kwa mdomo wangu.

Viviane nitamwambia leo akitoka shambani. Wewe nimekuandikia, maana kwenye simu ningedanganya tena.

Wasalimu unaokaa nao. Ni mimi mdogo wako, nisiyekuomba unijibu haraka,

Cassien