Baba Tuliyemgawana na Ndege

Mwaka umetimia, mume wangu, tangu moyo wako usimame ukiwa mezani ofisini, kalamu mkononi. Hata kufa ulifia kwa mke mwenzangu.

Ndivyo nilivyoiita ofisi yako ya Mkurugenzi Mkuu wa usafiri wa anga. Watoto waliiita mama mdogo. Ukichelewa, kitinda mimba alisema, "Baba leo yuko kwa mama mdogo," nawe ulicheka hadi ukakohoa. Mimi sikucheka sana.

Ulikuwa mpole. Ulimsalimia mlinzi wa lango kabla ya waziri, na shati lako ulilipiga pasi mwenyewe. Lakini tarehe ya kupimwa macho ya kila rubani uliijua kwa kichwa, na siku yangu ya kuzaliwa ulingoja kukumbushwa. Niliona wivu. Ninao hadi leo.

Asubuhi ya harusi ya binti yetu mkubwa uliizuia ndege isiruke, kisa fundi hakutia sahihi ukaguzi wa breki. Abiria wake walikuwa wakwe zetu. Nilikupigia simu nikiwaka.

"Baba watoto, unatuaibisha kwa wakwe. Si sahihi tu hiyo?"

"Mama watoto, harusi itangoja. Breki mbovu haingoji."

Wakwe walifika kwa basi, sherehe imekwisha. Bibi harusi alilia. Wewe ulikuja na suti yako, ukala, ukapiga makofi, neno pole halikukutoka.

Mwezi uliopita ofisi yako iliandika barua. Wanaliomba daftari lako la mfukoni, waliweke kwenye kabati la kioo pale mapokezi. Tulilifungua kwanza, tujitafute humo. Kurasa zote ni namba za ndege, matairi, sahihi. Sisi hatumo, mpaka tarehe ile ya harusi. Chini ya namba ya ndege umeandika: "Mwanangu amelia. Sikujua nimwambie nini. Hata kesho ningeizuia."

Daftari watapewa. Ukurasa ule binti yako ameuchana, anatembea nao kwenye pochi, na hatumwombi atuazime.

Unakumbukwa na mimi mkeo, binti yako mkubwa na mumewe, mwanao wa kiume wa kati, kitinda mimba wako, dada yako na wakwe zako, ambao siku hizi hawapandi ndege bila kuulizia breki. Wa ofisini nao wakukumbuke, hatuwazuii. Ila kukulilia tulianza sisi, na wa mwisho kunyamaza tutakuwa sisi.