Mbavu za Gitaa la Cicily

Makutano, Meru
11 Novemba 1983

Kwa dada yangu mpendwa Cicily,

Pokea salamu zangu na za mama watoto, Ntinyari. Sisi hatujambo, ila mvua imetushika vibaya na mbao zangu hazikauki. Je, wewe na shemeji mko salama huko Embu? Mguu wa mwanao Nelius ulipona? Mwambie mimi mjomba wake nauliza kama bado anakwea miparachichi.

Gitaa lako lilifika, na barua nimeisoma. Unataka lilie tena siku ya kumkumbuka baba, Jumamosi ya tarehe kumi mwezi ujao. Umenitumia pia maneno utakayosoma kanisani Githongo juu ya maisha yake. Ni mazuri, ualimu hujauacha hata kwenye msiba. Lakini kuna pale ulipoandika kwamba baba aliacha kutengeneza magitaa kwa kuwa masikio yake yalizeeka. Hapo nilikwama, ndiyo sababu nimechelewa kujibu.

Unakumbuka alivyofanya kazi. Mbavu, zile fito za kushika uso wa gitaa kwa ndani, hakuzipima kwa rula. Alizibandika zikiwa nene, akanyoa kidogo kwa patasi, akabisha ubao kwa kidole gumba, akasikiliza. Akanyoa tena, akabisha tena. Ubao ukijibu, aliweka patasi chini na kuandika kwa penseli, juu ya ubavu wa kati, jina la mwenye gitaa. Jina likishaandikwa, hakuna kunyoa tena.

La kwako lilikuwa la harusi yako. Aliandika jina, akaniagiza nifunge mgongo kwa gundi, naye akaenda Chuka kumzika rafiki yake.

Lilivyolia siku ya harusi unajua mwenyewe. Baba alisema hajawahi kutengeneza jingine kama hilo. Mwezi haukuisha, uso ukabonyea chini ya nyuzi, ukapasuka. Ulipolileta nyumbani alilibisha mara moja tu, akamwambia mama kwamba masikio yamemdanganya, na fundi asiyesikia mahali pa kuachia anawaharibia watu mali. Akafunga patasi kwenye gunia. Miaka tisa alipalilia kahawa. Waliokuja kuagiza gitaa aliwarudisha. Wakati mwingine, tukinywa chai, nilimwona akibisha meza kwa kidole, akainamisha kichwa kusikiliza, kisha akakitikisa. Hapo nilikuwa natoka nje.

Dada, masikio ya baba hayakuwa na kosa. Wiki iliyopita nilifungua mgongo wa gitaa. Kwenye ubavu wa kati zilikuwa zimebaki herufi tatu za jina lako. Nyingine nilizinyoa mimi.

Siku ile akiwa Chuka, nilibisha ubao nikaona sauti ni ndogo. Nilitaka lilie kama magitaa ya redioni, watu wa harusi waulize, nami niseme nilimsaidia mzee. Nikapitisha patasi juu ya jina, kisha nikafunga. Lilipolia nilijivuna. Lilipopasuka nikanyamaza, kwanza kwa woga, baadaye kwa aibu. Hata mwaka jana hospitalini, aliponiuliza kama kengele anayoisikia inalia kweli ama ni masikio yake tu, nilimjibu inalia, nikaishia hapo. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia na sikumwambia.

Nimeunga ufa wa uso na kubandika mbavu mpya. Nilinyoa na kubisha siku nzima, mpaka ubao ukajibu vile alivyokuwa akisema. Niligeuka nimwite aje asikie.

Jina lako nimeliandika lote. Nakuomba ufute ule mstari. Ukikubali, niachie mimi nisome ukweli huu mahali hapo, mbele ya mama na watu wote aliowarudisha. Kama hutaki kuniona, jirani yangu Kivuti atakuletea gitaa, nami sitalalamika.

Nisalimie shemeji na watoto. Mungu awatunze.

Ni mimi mdogo wako, niliyemfanya baba aamini hasikii,

Runji