Gurudumu Lililonyamaza

Hamugembe. Jumapili, baada ya Magharibi.

Mvua imekatika lakini migomba bado inadondosha maji. Nimekaa kitandani pembeni ya mke wangu, kiganja kimoja kiko juu ya tumbo lake, mkono mwingine unaandika. Tangu tulipoanguka asubuhi, mtoto hajacheza.

Bi Zainabu, mkunga wa mtaani kwetu, amempapasa. Anasema hakuna damu wala uchungu, alale ubavu, ale kidogo, tungoje. Ikifika Isha tumbo limetulia hivi hivi, nimpeleke hospitali. Kungoja! Mimi ambaye nikibandika chai nafunua sufuria kila mara.

Acha niandike, nisije nikapasuka.

Jana nilipanda Kamachumu kumchukua mke wangu Kokusima kwao. Lori la kahawa alilopaswa kuja nalo lilikwama matopeni Muleba, basi ikabaki pikipiki yangu, dude la kijeshi nililouziwa baada ya vita. Njiani gurudumu la mbele likaanza kelele. Likizunguka linakwaruza, nikishika breki linapiga yowe hadi mbuzi wanakimbia. Nikaingia ukweni na aibu hiyo, majirani wamesimama milangoni.

Nililikagua pale pale uani. Nililiinua juu ya gogo, nikalizungusha kwa mkono huku nimetega sikio. Spoku zote zilikuwa zimekaza. Nikalishika juu na chini, nikalitikisa, halikucheza, kwa hiyo beringi ilikuwa nzima. Mkwaruzo ulitoka ndani ya breki yenyewe, nikakisia ni changarawe. Giza likaingia. Nikasema nitaifungua asubuhi.

Asubuhi nikaisukuma pikipiki uani, nikagusa breki.

Kimya.

Nilifurahi kama mjinga. Nikajiambia changarawe imejitoa yenyewe. Nilikuwa nasikiliza tu, sikuangalia kama breki inashika.

Tukaanza kuteremka. Kwenye kona ya pili nikabana breki ya mbele, mkono ukafika mwisho, pikipiki wala haikujali. Ya nyuma peke yake ikatuyumbisha kwenye tope. Kushoto kuna bonde. Kokusima alinikumbatia kiuno akapiga ukelele, "Mawe!", akimwita mama yake. Nikaelekeza pikipiki kulia, kwenye ukingo wenye majani marefu, tukaanguka.

Aliinuka mwenyewe, akajipangusa, akasema yuko salama. Mimi nikachukua spana. Nilipofungua gurudumu, viatu vya breki vilikuwa vinang'aa, vya njano, vinanukia jikoni. Samli.

Kokusima alinusa kidole changu, akafunika uso.

"Ni ya mama," alisema. "Jana aliniuliza hicho chombo cha mkwe kinalia nini. Nikamjibu labda kimekauka. Sikujua kama atakitia mafuta."

Mimi asingeniuliza. Kwa mila yetu, mimi na mama mkwe hatutazamani usoni, nikifika anapita nyuma ya nyumba, na salamu zetu hubebwa na wengine. Ameona chombo cha mkwe kinalia uani kwake, watu wanasikia, akayeyusha samli yake nzuri akaimimina kwenye upenyo wa breki. Yote kwa heshima. Breki yenye mafuta haipigi kelele, na haishiki.

Nina hasira, na sijui niipeleke wapi. Utamgombezaje mtu aliyekupa kitu chake bora?

Niliosha kwa petroli, nikasugua viatu kwa jiwe, nikafunga. Yowe likarudi lote. Kokusima aliteremka kwa miguu hadi tambarare, kisha tukaja Bukoba polepole, gurudumu linapiga kelele njia nzima, na kila lilipolia roho yangu ilitulia. Sasa hiki kimya kilicho chini ya kiganja changu ndicho kinanimaliza.

Kokusima hataki mama yake aambiwe. Nimemwambia ni lazima ajue, la sivyo atarudia. "Ajue nini?" ameniuliza. "Kwamba nusura amuue mjukuu wake?"

Nimeinuka, nimekwenda jikoni.

Nimemletea ndizi zilizopikwa, amekataa, anasema ni kavu. Ameonyesha furushi lake. Ndani, kwenye jani la mgomba, mama yake amefunga samli iliyobaki. Nimeitazama kwa chuki, kweli nimeichukia. Kisha nimeiyeyusha, nimeimwaga juu ya ndizi, naye anakula.

Amemaliza. Nangoja.

Hakuna kitu.

Adhana ya Isha inaanza. Nimesimama kuchukua koti langu, Kokusima amenishika mkono akaurudisha tumboni. Teke! Jingine, chini ya mbavu, la nguvu. Kokusima analia, nami nalia, wino unaharibika.

Habari ya breki nitampelekea baba mkwe, aifikishe taratibu, kwa maneno laini. Mama mkwe nitamtumia ujumbe mmoja tu, kwamba samli imefika na mjukuu ameipokea.

Na gurudumu likilia tena ukweni, mbele ya majirani wote, liachwe lilie.