Alama Kumi na Tatu Kwenye Nta

Itigi,
Jumapili, baada ya ibada.

Mdogo wangu mpendwa Dorika,

Shikamoo yako uliyoniandikia kwenye simu nimeipokea kwa mikono miwili, marahaba sana. Mimi kaka yako Chediel ni mzima kama reli, na natumaini huko Morogoro nawe u mzima, unakula na unalala. Galoni ya asali iliyokuja na barua hii ni yako. Usiigawe bwenini yote kwa kutafuta sifa. Sifa ndiyo ugonjwa wa nyumba yetu, na mgonjwa mkubwa ndiye anayekuandikia.

Usicheke mwandiko. Tangu nilipoiaga shule kidato cha pili sijaandika kitu kirefu kuliko jina langu kwenye vitabu vya mpakani, na mipaka nimeijua, Tunduma mpaka Kasumbalesa, utingo mwenye heshima zake. Ningekupigia, lakini wewe ukisikia sauti yangu unacheka kabla sijasema kitu, nami nikisikia unacheka nageuza habari. Karatasi haicheki.

Sasa, madodoso yako yamefika. Uliposema unasomea rasilimali watu na mahusiano kazini, mimi nilidhani rasilimali ni kama dhahabu ya Sekenke, nikawaambia watu stesheni kwamba mdogo wangu anasomea kuchimba watu. Wananicheka hadi leo. Lakini nimepita nyumba kwa nyumba kwa wale waliofanya kazi na baba kwenye ghala la nta, kama ulivyoniagiza. Mzee Naftali alipofika kwenye swali la kama mwajiri alikuwa akiwashirikisha wafanyakazi, akauliza mbona hakuna kisanduku cha "nimecheka". Alphonce nilimjazia mwenyewe, maana mkono wake ule haushiki kalamu.

Nilipokuwa nikimjazia Alphonce, yote yakanirudia, Dori. Wewe ulikuwa na miaka sita. Unakumbuka ulivyokaa juu ya madebe matupu pale getini ukimsubiri baba, ukilamba kidole? Baba alinuka nta na moshi hata siku ya Krismasi. Tulichemsha masega kwenye mapipa, tukayachuja kwa magunia, nta ikaelea, tukaimwaga kwenye sufuria igande. Treni ikipiga honi, baba alisema hiyo ni kengele ya tajiri, si yetu, tuendelee. Mimi nilikuwa kibarua wa miaka kumi na tisa mwenye jaketi la mtumba, na nilijiona meneja. Ningepewa leo siku moja ya moshi ule, ningeinunua bila kuuliza bei.

Unaijua habari ya Alphonce, ndiyo iliyokupeleka chuoni. Pipa lilimpindukia, nta ya moto ikamshika mkono mpaka kwenye kiwiko, na meneja, Bwana Shukuru, akamwambia kibarua akiungua anaungulia kwake. Ijumaa ile baba akatukusanya nyuma ya ghala. Tukakubaliana kwamba Jumatatu, lori la wanunuzi likifika, hakuna atakayewasha moto mpaka Alphonce apelekwe hospitali. Wengi hawakujua kuandika, basi baba akamwaga nta ya moto kwenye kisahani, ikipoa kila mtu akabonyeza dole gumba lake. Baba wa kwanza. Tulikuwa watu kumi na wawili pamoja na Alphonce mwenyewe, aliyebonyeza dole la mkono usioungua. Alama zilikuwa kumi na moja, maana Mzee Gerald alikuwa Manyoni, mama yake anaumwa.

Jumatatu baba alizikuta nguo zake za kazi zimetupwa nje ya geti. Bwana Shukuru alijua kila kitu, hata kwamba tuliapa kwa nta. Alimfukuza baba papo hapo, wengine wakatetemeka wakawasha moto, na lori likapakiwa. Alphonce hakupelekwa popote, na mkono ukakunjamana vile unavyouona.

Nani aliyesema? Watu hawakusumbuka. Ambaye dole lake halimo ndiye msaliti. Gerald akalia, akaapa kwamba hata habari za kikao alizisikia aliporudi, nani amsikilize? Mama akapiga marufuku jina lake nyumbani. Mke wake alipofariki, sisi hatukuonekana msibani, na wewe unajua hapa kwetu kutokuonekana msibani ni kumzika mtu akiwa hai.

Na sasa umeniandikia kwamba madodoso niwape wote isipokuwa Gerald, na kwamba kwenye utafiti wako utaeleza jinsi umoja wa wafanyakazi ulivyovunjwa na mmoja wao aliyekataa kubonyeza. Umesema kitabu hicho kitawekwa maktaba, na wanafunzi watakisoma miaka na miaka. Hapo ndipo usingizi uliponikimbia, mdogo wangu. Hapa Itigi uongo utakufa sisi tukifa. Ukishaingia maktaba, nani atauzika?

Likizo iliyopita, tukiwa jikoni, ulinieleza kwamba sheria ya kazi haikubali mtu afukuzwe kabla hajasikilizwa. Nikakuitikia kama mtaalamu mwenzio. Gerald tulimfukuza sisi, Dori, miaka kumi na saba, na hakuna aliyemsikiliza.

Ni mimi niliyesema.

Jumamosi ile baba alikificha kisahani chini ya kitanda. Nikakichomoa, nikakitia ndani ya jaketi, nikaenda kwa Martina, yule msichana aliyepika chai ya ofisini. Nilitaka tu anione mwanaume. Nikamwonyesha alama, nikamwambia mgomo nimeupanga mimi na alama ya kwanza ni yangu. Martina alikuwa mpwa wa Bwana Shukuru. Nilijua hivyo, na bado mdomo haukufunga. Simlaumu, alimwambia mjomba wake, mtu wa nyumbani kwake, kama mimi nilivyomwambia yeye.

Na sikiliza hili. Jua lilikuwa kali, nta ikalainika ndani ya jaketi, na nilipokuwa nikimwonyesha, dole langu likazama tena pembeni. Sikuona, nikakirudisha chini ya kitanda. Baba aliona. Wewe unalijua kovu langu la panga, linakata dole katikati. Siku mama aliponikabidhi sanduku la nguo za marehemu baba, nilikuta kisahani kimefungwa kwenye leso, alama zangu za kovu ziko mbili badala ya moja. Mzee alikaa na kitu kile miaka kumi na mitatu, akala na mimi sahani moja, na hakuniuliza.

Juzi Ijumaa nikaenda kwa Mzee Gerald. Mimi niliyebishana na maaskari wa mipaka mitatu, nilisimama mlangoni pake nikashindwa hata kubisha hodi, mpaka akatoka kumwaga maji akanikuta. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Akaingia ndani, nikadhani amefuata fimbo. Akatoka na chupa tupu, nyingi, akazipanga chini. Akasema kila msimu wa asali baba alimwachia chupa moja mlangoni, asiingie, asiseme neno, na yeye miaka yote alijiuliza kama ile ni asali ya msamaha au ya kuomba msamaha. Sasa amejua.

Nikamuuliza nimlipe nini. Akaniambia niache ujinga, ila nimletee kile kisahani. Tukakiweka juani juu ya bati, tukisubiri nta ilainike, na tulivyokuwa tukisubiri akanitania kwamba nimezeeka sana kwa mtu mpumbavu hivyo. Kisha akabonyeza dole lake, akalikandamiza muda mrefu.

Kisahani nimekufungia kwenye kifurushi, nimekizungushia majani makavu nta isilainike njiani. Ukihesabu utapata alama kumi na tatu, na watu tulikuwa kumi na wawili. Ile kubwa ya mkono usioungua ni ya Alphonce. Mbili zenye kovu ni zangu. Ile mpya ndiyo ya Mzee Gerald. Andika hivyo, na jina langu usilifiche. Dodoso lake nimelitia humo, kalijaza mwenyewe, na kwenye swali la mwisho kaomba ukija likizo umhoji wa kwanza.

Naftali anakusalimu, Alphonce anakusalimu, jirani yetu Yasinta anauliza harusi lini. Mama hakusalimu leo. Nilimweleza jana, hajanisemesha mpaka sasa, na chakula changu aliweka chini badala ya mezani. Ila tulipotoka kanisani alivaa tena kitenge chake cha Pasaka, akachukua kuku mmoja, akanipita bila kunitazama, akashika njia ya kwa Gerald.

Ni mimi kaka yako mwenye mdomo,
Chediel Eliya