Tulifunga Mbingu ya Gracien

Siku ya posho, 6/7/2024
Salongo ku kanisa: sisi bamama tunasafisha bila malipo. Polycarpe, sakristani wetu, iko Kalehe ku matanga ya mujomba wake. Aliniachia ufunguo. Sakristia chafu! Ule mwanaume anafagia kule padri anaona, basi. Nyuma ya kabati nikakuta vitambaa vyeusi, vikubwa. Nikakunjua kimoja — matundu! Sawa panya walifanya karamu. Nakumbuka bapadri wa zamani walitundika nyeusi siku ya maziko. Leo watundike matambara, mu kanisa ambalo babu zetu walibebea matofali ku kichwa? Georgette, mwenzangu wa salongo, akasema tungoje Polycarpe, tumuulize. Nikamuuliza kama anaombaka ruhusa kwa kushona suruali ya bwana wake. Bamama wakacheka, wakashika sindano. Hata tundu moja halikubaki.

Siku ya yenga, 7/7
Misa ilikwisha. Nilingoja padri atushukuru mbele ya watu. Hakuna. Watu wa leo!

Siku ya pili, 9/7
Georgette alikuja mbio. Vile vitambaa ni vya Gracien, ule kijana alisoma mambo ya sanaa Kinshasa. Ni vya kufunika madirisha. Jua linapita mu matundu, nyota zinashuka ku ukuta, ku sakafu, ku vichwa vya watu. Alitoboa na musumari wa moto tangu Kwaresima, akifuata nyota za hapa Bukavu, kila moja mahali pake. Siku ya posho wageni wanakuja kuziona! Leo alitundika kimoja. Giza tu. Georgette anasema hakupiga kelele. Aliketi ku benchi, akaangalia juu.
Afazali angenitukana.

Siku ya tatu, 10/7
Polycarpe alirudi jana, nikamurudishia ufunguo. Leo padri amemunyanganya. Amemuambia: utaje mwenye kushona, ao utafute kazi ingine. Polycarpe hakutaja.

Siku ya ine, 11/7
Sikutoka nyumba.

Siku ya tano, 12/7
Nikaenda kwa Polycarpe. Nikaanza kumugombeza — kinywa hiki! Juu ya nini hasemi ni mimi? Alikuwa namenya muhogo. Akasema polepole: «Maman, wewe njo ulinifundisha kusali. Nisimame mbele ya padri nikutaje sawa mwizi?»
Nikarudi nyumba. Kesho mimi mwenyewe nitamuambia padri.

Siku ya posho, 13/7
Asubuhi ku kanisa nilikuta Gracien na Georgette wakifumua na wembe. Uzi wangu ni mugumu, kitambaa kinapasuka. Gracien akanisalimia vizuri, akadhani nimekuja kusaidia. Nyota zingine zikakuwa kubwa sawa sahani. Wakatundika vitambaa ku madirisha vile vile. Kabla sijafungua kinywa, wageni wakaingia. Nikasimama katikati, nikamuambia padri niko na neno. Akanishika mukono, akawaambia wageni: huyu mama njo anatunza kanisa letu kuliko sisi wote. Makofi! Nikainua mukono wanyamaze. Wakafikiri nasalimia, wakazidi kupiga. Polycarpe alisimama ku mulango, inje, mikono mitupu.
Nikaketi. Niliketi!
Nyota zikashuka ku kitenge changu. Nikaziona nzuri, nikakimbia mupaka nyumbani.
Sasa kuna hodi. Ni Polycarpe. Padri amemutuma: wageni wanataka kupiga foto pamoja na mimi. Nimemuambia angoje.
Anangoja.